Chama Hakina Dole Gumba: Historia ya Kumthibitisha Mtu Afunguaye Akaunti kwa Niaba ya Wenzake

Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, kurasa nyingine za kitabu hiki zimeeleza habari za mazao, maghala, mizani na bei. Sisi tumepewa nafasi ya kueleza jambo lisiloonekana shambani wala ghalani, lakini ambalo siku hizi hukikuta kila chama kinachotaka kupokea na kulipa fedha kwa simu au kwa mtandao. Jambo lenyewe ni swali fupi ambalo benki na kampuni za malipo huuliza kabla ya kufungua akaunti: Ni nani aliye mbele yetu?

Swali hili limewaudhi wengi. Viongozi wa vyama vya ushirika, vya kina mama, vya wazazi wa shule, vya misikiti na makanisa, na vya kusaidiana katika misiba, husema hivi: Chama ni chetu sote, kimeandikishwa kwa sheria, kina hati na kina mhuri. Kwa nini basi mtambo udai namba ya kitambulisho cha mweka hazina, tarehe yake ya kuzaliwa, mahali anapokaa, na hata picha ya uso wake? Wako walioingiwa na hofu kwamba fedha za chama zitahesabiwa kuwa zao, au kwamba madeni ya chama yatawafuata nyumbani kwao. Wako pia, kinyume cha hao, wanaofurahia mno majina yao yaandikwe, na hapo ndipo wanachama wapaswapo kufungua macho.

Tumeona yafaa kulieleza jambo hili kwa njia ya historia. Mwanachama akijua swali lilikotoka, hatalikimbia kwa hofu wala hatalijibu kwa uzembe.

ALAMA YA MKONO HUKO BENGAL

Mwaka 1858, katika jimbo la Bengal nchini India, ofisa mmoja wa Kiingereza aitwaye William Herschel alipatana na mkandarasi wa nchi ile, Rajyadhar Konai, amletee kokoto za kutengenezea barabara. Herschel alichelea kwamba mwenzake angeweza kuukana mkataba baadaye. Basi akampaka wino kiganjani, akamtaka aweke alama ya mkono wake nyuma ya karatasi. Hapo kwanza shabaha yake ilikuwa kumtia hofu tu, asije akaikana sahihi yake. Lakini aliendelea kukusanya alama za vidole kwa miaka mingi, akatambua kwamba alama ya mtu haigeuki kwa umri, wala haifanani na ya mwingine.

Mwaka 1877, alipokuwa hakimu huko Hooghly, alizitia alama hizo katika kazi za serikali: katika malipo ya pensheni, katika kuandikisha hati, na magerezani. Katika pensheni sababu ilikuwa wazi. Mzee hufa, naye mtu mwingine huendelea kuja dirishani kwa jina la marehemu. Alama ya kidole ilimzuia mtu huyo. Mwaka 1897 ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa mjini Calcutta, na humo Azizul Haque na Hem Chandra Bose walishiriki kutunga utaratibu wa kuzipanga alama ili zipate kutafutwa kwa upesi. Utaratibu huo ukachukua jina la mkuu wao, Edward Henry, na mwaka 1901 ukaanza kutumiwa na polisi wa London.

Yafaa tuangalie neno moja hapa. Tangu siku zile, alama ya kidole ilikuwa na nyuso mbili. Uso wa kwanza ulimlinda mwenye haki, asiibiwe pensheni yake. Uso wa pili ulimhesabu mtu kuwa mwongo kabla hajasema neno. Nyuso hizo mbili zimeifuata kazi ya kuthibitisha watu hadi leo.

KIPANDE SHINGONI

Sisi wa Afrika Mashariki tuliujua kwanza uso ule wa pili. Katika Kenya sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita kuu ya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa achukue kipande chenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake na bwana wake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Mtu aliyeacha kazi bila ruhusa alitafutwa kwa kipande hicho. Harry Thuku na wenzake walikipinga pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Naye alipokamatwa mwezi Machi mwaka 1922, watu waliokusanyika mjini Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi, wengi wakafa.

Mwaka 1947 ilitungwa sheria nyingine ya kuwaandikisha watu wa rangi zote. Hapo walowezi wengi wa Kizungu walichukizwa sana kutakiwa watoe alama za vidole vyao. Jambo ambalo kwa miaka mingi walikuwa wameliona halina ubaya wowote juu ya vidole vya wengine, lilikuwa aibu lilipofika kwenye vidole vyao wenyewe. Wanawake wa Kenya nao walikaa muda mrefu nje ya daftari hilo, hadi sheria ilipogeuzwa mwaka 1978.

Tumeyataja haya kwa sababu mzee anaponuna akiambiwa aweke kidole chake juu ya kioo, si ujinga unaomnunisha. Nchi zetu zina kumbukumbu. Kazi ya kiongozi wa chama ni kumweleza mwanachama ni kwa ajili ya nani kidole kile kinatakiwa safari hii.

MTU ASIYE NA MWILI

Nchi ile ile ya India ndiyo iliyotuletea pia mfano wa sheria za ushirika. Huko ilitungwa sheria ya vyama vya mikopo mwaka 1904, na nyingine pana zaidi mwaka 1912. Chini ya sheria ya 1912, watu 10 wenye umri wa zaidi ya miaka 18 waliweza kuomba chama chao kiandikishwe; nacho kikiisha kuandikishwa, kilikuwa mtu mbele ya sheria. Kiliweza kumiliki mali, kufanya mikataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake chenyewe. Kilikuwa na mhuri wake. Na zaidi ya hayo, hakikufa wanachama wake walipokufa.

Wakulima wa Tanganyika walikuwa wamekwisha kuanza kuungana kabla sheria ya namna hiyo haijawafikia. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda umoja wao mwaka 1925, na miongoni mwa waliouongoza alikuwa Joseph Merinyo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Tanganyika ilikuja mwaka 1932, na mwaka uliofuata Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kikazaliwa chini yake. Kwa upande wa pamba, vyama vya Kanda ya Ziwa viliungana mwaka 1955 katika shirikisho kubwa lililojulikana kwa jina la Victoria Federation, likiongozwa na Paul Bomani.

Basi tazameni jinsi mambo hayo mawili yalivyoachana. Binadamu ana dole gumba, lakini maisha yake ni mafupi. Chama kina maisha marefu, lakini hakina dole gumba. Hakina uso wa kupigwa picha, wala tarehe ya kuzaliwa kutoka tumboni mwa mama. Kila mara chama kitakapo kutia sahihi, hakina budi kuazima mkono wa mtu. Na swali la ushirika wote, tangu siku ya kwanza, limekuwa hili: mkono huo utaazimwaje, na utarudishwaje?

Waanzilishi wetu walilijibu kwa njia tatu. Ya kwanza ilikuwa azimio: halmashauri ilikutana, ikachagua majina, na kumbukumbu za mkutano zikaandikwa na kutiwa sahihi. Ya pili ilikuwa sahihi zaidi ya moja: hundi ya chama haikutoka kwa mkono wa mtu mmoja, bali wa wawili au watatu. Ya tatu ilikuwa jicho la nje: Mrajisi na wakaguzi wake, walioweza kuyafungua madaftari. Meneja wa benki alipoletewa kumbukumbu za mkutano pamoja na mifano ya sahihi, aliweza kulinganisha. Na mara nyingi katika miji midogo meneja huyo aliwajua watia sahihi kwa sura, akazijua na familia zao.

Hatusemi kwamba njia hizo zilitosha siku zote. Mwaka 1966 Serikali ya Tanzania iliunda kamati maalumu ya kuchunguza mwenendo wa vyama vya ushirika, nayo ikakuta pamoja na mambo mengine udhaifu wa hesabu, watumishi wasio waaminifu, na wanachama wasioelewa haki zao. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha. Sheria Namba 6 ya mwaka 2013 ikaunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyo chini yake usimamizi wa vyama. Katika historia hiyo yote twaona kwamba sahihi tatu hazina nguvu ikiwa watu watatu wamepatana kuiba, na mhuri hauna maana ukilala nyumbani kwa mtu mmoja.

SIMU YACHUKUA NAFASI YA DIRISHA

Mwezi Machi mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilianzishwa Kenya, na mwaka 2008 ikafika Tanzania. Wakulima waliokuwa hawajapata kuingia katika benki wakaanza kupokea fedha mikononi mwao. Lakini dirisha la benki lilipoondoka, meneja aliyewajua watu kwa sura aliondoka nalo. Mtambo haumjui mtu kwa ukoo wake wala kwa salamu yake. Humjua kwa namba, kwa kidole, na kwa sura iliyolinganishwa na picha.

Kwa hiyo vitambulisho vikawa jambo kubwa. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, iliundwa mwaka 2008, na vitambulisho vya kwanza vilitolewa mwaka 2013. Tarehe 1 Mei 2019 ilianza kazi ya kuandikisha upya laini zote za simu nchini kwa alama za vidole na kwa namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Muda ulikuwa uishe tarehe 31 Desemba, ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, kisha laini ambazo hazijaandikishwa zikaanza kuzimwa. Misururu ilikuwa mirefu mbele ya ofisi, na kwa kuwa kadi hazikumfikia kila mtu, namba peke yake ilikubaliwa.

Wakulima wa korosho walikuwa wamekwisha kuonja uchungu wa uhakiki kabla ya hapo. Mwezi Novemba mwaka 2018, baada ya minada kukwama kwa ajili ya bei, Serikali iliamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Lakini malipo yalitanguliwa na uhakiki, na waliopeleka mzigo mkubwa walitakiwa waonyeshe mashamba yao, ili wasilipwe wale wa kangomba, yaani wanaozinunua korosho za mkulima mnyonge kwa bei ya kutupa kisha wakazipeleka ghalani kama kwamba ni zao. Shabaha ilikuwa njema, kwa kuwa kangomba ni wizi wa jasho la mtu. Hata hivyo mkulima wa haki naye alingoja, na msimu wa palizi haukumngoja yeye.

Kutokana na hayo twajifunza kwamba uhakiki hugharimu siku, na siku za mkulima zina bei. Chama kilichoyaweka majina, namba na hesabu za wanachama wake katika hali nzuri mapema, ndicho kiwapunguziacho wanachama hasara ya kungoja. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

KWA NINI WANATAKA KUMJUA MTU NYUMA YA CHAMA

Mwanachama aweza kukubali kwamba yeye binafsi athibitishwe, kisha akauliza: chama chetu je, si kimekwisha kuthibitishwa na Mrajisi? Jibu lake latubidi tulitafute mbali, katika sheria za fedha za dunia.

Marekani ilitunga mwaka 1970 sheria ya kuyalazimisha mabenki kuweka kumbukumbu za fedha nyingi zinazopita. Mwaka 1989, katika mkutano wa mataifa saba tajiri uliofanyika Paris, kiliundwa chombo kiitwacho FATF, cha kupambana na utakatishaji wa fedha haramu. Nchi za mashariki na kusini mwa Afrika nazo zikaunda chombo chao, ESAAMLG, mjini Arusha mwaka 1999, na ofisi yake kuu ikawa Dar es Salaam. Tanzania ikatunga sheria yake ya kuzuia fedha haramu mwaka 2006.

Mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001 ndiyo yaliyovigusa vyama visivyo vya faida. Mwezi Oktoba mwaka ule FATF ilitoa mapendekezo maalumu juu ya fedha za ugaidi, na pendekezo moja lilihusu vyama hivyo, likihofia kwamba jina la hisani laweza kufanywa kificho. Kwa miaka mingi maandishi ya chombo hicho yalisema kwamba vyama visivyo vya faida vimo katika hatari ya pekee. Vyama vya nchi nyingi vililalamika, na haki ilikuwa upande wao, kwa maana shaka iliyotupwa juu ya wote iliwaumiza walio wengi wasio na hatia: akaunti zilifungwa, na misaada ikachelewa. Mwezi Juni mwaka 2016 maneno hayo yaliondolewa, na mwezi Novemba mwaka 2023 pendekezo lenyewe likaandikwa upya ili nchi zishughulike na vyama vyenye hatari ya kweli, wala zisivibane vingine bila sababu.

Huko Marekani, ambako nyingi za kampuni kubwa za malipo ya mtandao zilizaliwa, ikiwa pamoja na ile iliyoanzishwa mwaka 1998 ikaja kuitwa PayPal, kanuni za mwaka 2003 ziliyataka mabenki yachukue mambo manne kwa kila mtu anayefungua akaunti: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, na namba ya utambulisho. Lakini akaunti ikifunguliwa na chama au kampuni, mteja alihesabiwa kuwa ni chama chenyewe. Jina lake, anwani yake na namba yake vilitosha. Ndipo ikaja kanuni nyingine ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika tarehe 11 Mei 2018. Hiyo ilisema kwamba nyuma ya kila kampuni lazima ajulikane binadamu: kila mwenye kumiliki sehemu ya 25 katika mia au zaidi, na pia mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuiongoza.

Hapo palitokea tatizo. Chama kisicho cha faida kinamilikiwa na nani? Hakina mwenye hisa wa kuchukua faida. Kanuni ile ililitambua jambo hili, ikavisamehe vyama visivyo vya faida vilivyoandikishwa katika sehemu ya umiliki. Lakini haikuvisamehe katika sehemu ya pili. Binadamu mmoja mwenye mamlaka ilibidi atajwe, na mambo yake manne yatolewe. Kanuni hiyo iliyabana mabenki moja kwa moja. Nazo kampuni za malipo, ambazo fedha zake hupita katika mabenki, huuliza maswali ya namna hiyo hiyo. Ndiyo sababu mweka hazina wa chama kidogo cha kusaidia yatima, popote alipo, huombwa picha ya kitambulisho chake akitaka tu kupokea michango kwa mtandao.

Hapa kwetu nako mkondo umekuwa huo huo. Tanzania iliingizwa katika orodha ya FATF ya nchi zinazoangaliwa kwa karibu mwezi Oktoba mwaka 2022, ikaondolewa mwezi Juni mwaka 2025 baada ya kurekebisha mambo mengi. Uganda ilikuwamo tangu mwaka 2020 hadi 2024, na Kenya iliingizwa mwezi Februari mwaka 2024. Nchi iliyo katika orodha hiyo huona fedha zake zikichunguzwa zaidi huko ng'ambo, na wauzaji wa kahawa, korosho na pamba hawawezi kusema kwamba hayo hayawahusu. Hata Benki ya Ushirika, iliyozinduliwa Dodoma mwezi Aprili mwaka 2025, ijapokuwa ni ya wanaushirika, haina budi kuuliza swali lile lile.

KUTAMBULIWA SI KUMILIKI

Sasa turudi kwa mweka hazina wetu na hofu yake. Yafaa jambo hili lisemwe wazi katika kila mkutano mkuu: mtu anayetoa kitambulisho chake ili akaunti ya chama ifunguliwe, kwa tendo hilo tu hawi mwenye fedha, wala hawi mdhamini wa madeni. Anaazima uso wake kwa chama ili mtambo upate mtu wa kuuliza. Mwenye fedha ni chama. Tofauti hii ndiyo inayomlinda yeye na kuwalinda wanachama pia.

Lakini tofauti hii hulindwa kwa maandishi, wala haiwezi kulindwa kwa maneno. Tuseme chama cha msingi kimefungua akaunti ya malipo kwa laini ya simu ya katibu, laini iliyoandikishwa kwa kidole chake na kwa jina lake. Fedha za msimu zimeingia. Katibu akafariki, Mungu apishe mbali. Au akagombana na wenziwe, akahama na simu yake mfukoni. Kwa mtambo, hakuna chama; yuko katibu tu. Halmashauri itaandika barua, warithi watasumbuliwa katika msiba wao, na wanachama watangoja fedha zao walizozitolea jasho. Na ikiwa laini hiyo ilikuwa ya katibu binafsi tangu mwanzo, chama kitapata shida kuonyesha kwamba fedha zile si sehemu ya mirathi yake.

Kosa hapo si la mtambo peke yake. Chama kiliazima mkono wa mtu bila kuandika kwamba kimeuazima. Kwa hiyo twawaomba viongozi wa vyama vyote vilivyo chini ya Chama Kikuu wayashike mambo haya, ambayo ni yale yale ya wazee wetu yaliyovikwa nguo mpya.

Kwanza, akaunti yoyote, iwe ya benki, ya simu au ya mtandao, isifunguliwe bila azimio la halmashauri lililoandikwa. Azimio litaje jina la akaunti, kazi yake, na watu watakaotambulishwa kwa niaba ya chama pamoja na vyeo vyao.

Pili, akaunti ifunguliwe kwa jina la chama, kwa hati ya kuandikishwa na namba ya mlipa kodi ya chama. Laini ya simu inayotumika nayo iandikishwe kwa jina la chama; kampuni za simu zina utaratibu wa kuandikisha laini za taasisi kwa kumtambulisha mwakilishi wake.

Tatu, sahihi mbili za zamani zisifutwe na mtambo. Mmoja aanzishe malipo, na mwingine ayaidhinishe kwa simu yake mwenyewe na kwa namba yake ya siri. Anayempa mwenzake namba ya siri ni sawa na yule aliyetia sahihi hundi tupu akaiacha mezani.

Nne, mkutano unapobadili viongozi, akaunti zibadilishwe mara moja. Mkutano mkuu usihesabiwe kuwa umekwisha kwa kupiga makofi. Umekwisha pale majina ya zamani yanapoondolewa na mapya kuthibitishwa, na karatasi za mabadiliko zikiwa ndani ya jalada la chama.

Tano, nakala za vitambulisho vya viongozi na wanachama zitunzwe kama fedha zitunzwavyo. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei mwaka 2023, inamtaka kila anayekusanya habari za watu azilinde na azitumie kwa kazi aliyozikusanyia. Picha ya kitambulisho cha mwanachama isizunguke katika makundi ya simu, wala isiachwe katika meza ya duka la kurudufia karatasi.

Sita, wasisahaulike wale ambao mtambo hauwatambui. Vidole vilivyoshika jembe kwa miaka 40 hulika, na kioo huweza kukosa kuvisoma. Mama mjane huenda jina lake katika daftari la chama ni la nyumbani, na jina la kitambulisho ni la ubatizo au la mumewe. Watu hawa ni wenzetu, nao walileta mazao yao mizanini. Ni wajibu wa karani kulinganisha majina kabla ya msimu, kuwaandikia barua panapohitajika, na kuwasindikiza hadi ofisi inayohusika, badala ya kuwaambia warudi kesho kila siku.

MIAKA 10 IJAYO

Wanachama wenzetu, katika miaka 10 inayokuja mitambo itabadilika tena. Yamkini hata neno la siri litakuwa habari ya kale. Lakini chama hakitaota dole gumba. Kitaendelea kuazima mikono ya watu, na kila mtambo mpya utauliza ni mkono wa nani. Herschel alitaka mkandarasi mmoja asiukane mkataba wake. Sisi twataka zaidi ya hapo: kwamba mtu anayesimama mbele ya kioo kwa niaba yetu ajue kwamba ametumwa, na kwamba sisi tuliomtuma tuwe na karatasi ya kuonyesha tulimtuma lini, kwa kazi gani, na mpaka lini.

Twawashukuru makarani, waweka hazina na wenyeviti waliokubali, katika miaka 10 hii, majina yao na nyuso zao zitumike ili mazao ya wengi yalipwe. Wengi wao hawakupata kitu kwa kazi hiyo ila usumbufu wa kupanga misururu na kurudishwa. Namna njema ya kuwaheshimu ni kuhakikisha kwamba siku watakapopumzika, waondoke wakiwa huru, wala chama kisibaki nje ya mlango wake chenyewe. Basi kila halmashauri, kabla msimu ujao haujafunguliwa, na ilifungue jalada la akaunti zake na isome majina yaliyomo. Likikutwa humo jina la mtu aliyekwisha ondoka, kazi ya kwanza ya mwaka wa 11 imekwisha kujulikana.